Kupachika Patisheni za Diski kwenye Linux Bila Kuwa Root

Mteja amekukabidhi flashi, anataka kuchapisha barua ya maombi ya kazi, na nyuma yake wamesimama wengine watatu. Umeichomeka, taa yake imepepesa, lakini kwenye kioo hakuna kilichotokea. Unakumbuka amri uliyoisoma mahali fulani, unaiandika:

mount /dev/sdb1 /mnt

Mashine inakujibu kwamba hiyo ni kazi ya superuser, yaani mkuu wa mfumo, na wewe si yeye. Mwenye haraka huongeza neno sudo mbele ya amri, akaweka nywila, flashi ikafunguka, foleni ikasogea. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Baadaye nikaanza kukuta mafaili kwenye flashi za watu ambayo naweza kuyasoma lakini siwezi kuyafuta, na nywila ya mkuu ikawa inajulikana na kila kijana aliyewahi kushika kaunta yangu. Yote hayo hayakuwa ya lazima. Linux ina njia zake za kumruhusu mtumiaji wa kawaida afungue diski bila kukabidhiwa mamlaka yote, na ziko ndani ya mfumo tayari, bila kulipia chochote. Nywila ya mkuu utaihitaji mara moja tu, siku ya kupanga mambo.

Kwanza tuelewane maneno. Patisheni ni kipande cha diski kilichowekewa mpaka, kama kiwanja kilichokatwa viwili kwa ukuta. Diski moja inaweza kuwa na patisheni moja au kadhaa. Watumiaji wa Windows wamezoea kuziona kama C, D na E, kila moja na mlango wake. Linux haina utaratibu huo. Kila kitu kinakaa ndani ya nyumba moja yenye mlango mmoja, unaoandikwa kwa mkwaju peke yake: /. Ili patisheni itumike, ni lazima ishikizwe kwenye folda mojawapo ndani ya nyumba hiyo. Kitendo hicho nitakiita kupachika, na kuiondoa ni kupachua. Amri zake ni mount na umount. Hiyo ya pili haina n baada ya u, usije ukaitafuta. Ukiipachika patisheni kwenye folda yenye vitu ndani yake, vitu hivyo havifutiki, vinafichika tu mpaka utakapopachua. Nimeshaona mtu akitokwa jasho akidhani amepoteza kazi ya wiki nzima, kumbe amepachika flashi juu ya folda yake mwenyewe.

Na root ni nani? Ni akaunti ya mkuu wa mfumo, ambaye mashine haimkatalii kitu. Sudo ni amri inayokuazima mamlaka ya root kwa kazi moja.

Sasa kwa nini kitu kidogo kama kufungua flashi kihitaji mkuu? Hapa inafaa tutulie kidogo, kwa sababu ukiielewa sababu, masharti yote yatakayofuata hayatakusumbua.

Hatari ya kwanza ni mahali. Kama ningeruhusiwa kupachika chochote popote, ningechukua flashi yangu nikaipachika juu ya folda ya /etc, ambamo mfumo huhifadhi orodha ya watumiaji na nywila zao. Orodha halisi ingefichika, na yangu, niliyoitengeneza nyumbani, ingekaa mahali pake. Hatari ya pili ni kilichomo ndani. Mifumo ya jamii ya Unix ina alama inayoitwa setuid: programu yenye alama hiyo huendeshwa kwa mamlaka ya mwenye faili badala ya mtu aliyeibofya. Nyumbani kwangu mimi ndiye root, kwa hiyo naweza kutengeneza programu inayomilikiwa na root, nikaiwekea setuid, nikaibeba kwenye flashi iliyofomatiwa kwa ext4, ambayo ndiyo aina ya mpangilio wa faili inayotumika sana Linux na inayokumbuka mwenye faili na alama zake. Nikifika maabara ya chuo nikaichomeka na kuiendesha, mimi ni mkuu wa mashine ile, na hakuna aliyenipa. Flashi nyingi za dukani zimefomatiwa kwa FAT, ambayo haijui habari za setuid, lakini mfumo hauwezi kukisia utaleta ipi.

Kwa hiyo waliotengeneza Linux walitafuta njia ya kuruhusu kupachika huku wakiziba mianya hiyo miwili: mkuu anachagua mahali mapema, na patisheni inayopachikwa na mtu wa kawaida inanyimwa nguvu ya setuid na ya faili za vifaa, yaani faili zinazosimama badala ya kifaa chenyewe, kama diski. Masharti hayo utayaona yameandikwa nosuid na nodev. Ukiyakuta, usiyaondoe.

Haya, tuanze kazi. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Kwenye mashine nyingi za Linux hufunguka kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Jambo la kwanza ni kujua patisheni yako inaitwaje. Andika:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MOUNTPOINT

Amri hii haihitaji ruhusa ya mtu na haiharibu kitu. Kwenye kompyuta yenye Windows na Linux pamoja, huku flashi imechomekwa, utaona kitu kama hiki:

NAME      SIZE  FSTYPE  LABEL  MOUNTPOINT
sda     465.8G
├─sda1    100M  vfat           /boot/efi
├─sda2     16M
├─sda3    232G  ntfs    KAZI
└─sda4  233.6G  ext4           /
sdb      14.9G
└─sdb1   14.9G  vfat    HAWA

Isome hivi. sda ni diski ya kwanza, ile iliyo ndani ya kompyuta, na imekatwa patisheni nne. sda4 ndiyo nyumba yenyewe ya Linux, imepachikwa kwenye /. sda3 ni ya Windows, ina jina KAZI, na safu ya mwisho iko wazi, maana yake haijapachikwa. sdb ni flashi, na patisheni yake ni sdb1, mwenyewe ameiita HAWA. Usishangae flashi iliyoandikwa GB 16 kusomeka 14.9, kiwanda kinahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1,024, hujapunjwa. Kwenye kompyuta mpya zaidi diski ya ndani huitwa nvme0n1 na patisheni zake nvme0n1p1, nvme0n1p2 na kuendelea. Kadi za kumbukumbu mara nyingi ni mmcblk0p1.

Kabla ya kuandika amri nyingine yoyote, angalia tena safu ya ukubwa na ya jina. Leo flashi ni sdb. Kesho ukiwasha mashine na diski nyingine imechomekwa, huenda ikawa sdc.

Kwa flashi na diski za nje, njia ya kutumia ni hii:

udisksctl mount -b /dev/sdb1

Hakuna sudo. Ikifanikiwa itakujibu kwa mstari mmoja kwamba /dev/sdb1 imepachikwa kwenye /media/juma/HAWA, ikiwa jina lako la kuingilia ni juma. Hapo ni kwa Debian, Ubuntu na jamaa zao. Kwenye Fedora na Arch folda itakuwa /run/media/juma/HAWA. Mafaili yatakuwa yako, utaandika na kufuta bila kuzuiwa.

Nani amekupa ruhusa? Nyuma ya amri hiyo kuna programu inayoitwa udisks2, inayokaa macho muda wote kwa mamlaka ya root. Wewe hukabidhiwi ufunguo wa stoo, unamtuma mwenye ufunguo. Naye kabla ya kufungua humuuliza mlinzi wa geti, programu nyingine inayoitwa polkit: huyu anayeomba ni nani, na je, ameketi mbele ya mashine hii au anapiga hodi kutoka mbali? Ukiwa umeketi kwenye kompyuta yenyewe na kifaa ni cha kuchomeka, polkit husema ndiyo. Ukiwa umeingia kwa mtandao kupitia SSH, utaombwa nywila ya msimamizi hata kwa flashi ileile. Watu wengi hudhani hapo mfumo umeharibika. Haujaharibika, mlinzi hajakuona uso.

Ndiyo kazi hiyohiyo inayofanyika unapobofya picha ya flashi kwenye dirisha la mafaili. Kwa asiyependa terminali, kubofya kunatosha. Terminali inakufaa pale picha isipotokea, au unapotaka kuona sababu ya kukataliwa badala ya kubahatisha.

Mashine ikisema haiijui amri ya udisksctl, isakinishe mara moja, kwa sudo apt install udisks2 kwenye Debian na Ubuntu, au sudo dnf install udisks2 kwenye Fedora. Gharama ni bando kidogo tu, maana kifurushi chenyewe hakiuzwi.

Ukimaliza, pachua kisha zima umeme wa kifaa:

udisksctl unmount -b /dev/sdb1
udisksctl power-off -b /dev/sdb

Angalia tofauti: ya kwanza inataja patisheni, yenye namba, ya pili inataja diski nzima, bila namba. Na usidharau hatua hii. Unaponakili faili kubwa, Linux huliweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, ikakuambia tayari, huku uandishi wenyewe kwenye flashi ukiendelea polepole. Ndiyo maana kisanduku cha kunakili hupotea lakini taa ya flashi bado inapepesa. Ukichomoa hapo, mteja atafika nyumbani na video ya harusi inayokatika katikati. Amri ya kupachua hairudi mpaka maandishi yote yameshuka, kwa hiyo ikichelewa sekunde thelathini au dakika, iache.

Tuje kwenye patisheni ya ndani, ile KAZI ya Windows. Ukijaribu udisksctl juu yake mara nyingi utaombwa nywila ya msimamizi, hata kama umeketi palepale. Polkit inatofautisha kifaa kilicholetwa na mtu na kile kilicho sehemu ya mashine, na kwa hicho cha pili haimwamini kila aliyekalia kiti. Kama kompyuta ni yako peke yako na unaifungua mara moja kwa mwezi, weka nywila ukaendelee. Kama unaihitaji kila siku, iandike kwenye faili la /etc/fstab.

Hilo ni faili la maandishi ambamo mkuu wa mfumo huorodhesha patisheni, mahali zitakapopachikwa na masharti yake. Linux hulisoma kila inapowaka. Ni faili dogo lakini ukikosea humo mashine inaweza kugoma kuwaka, kwa hiyo anza kwa kulitolea nakala:

sudo cp /etc/fstab /etc/fstab.zamani

Kisha tafuta utambulisho wa patisheni. Nimeshasema kuwa jina la sda3 au sdb1 linaweza kuhama. Kisichohama ni UUID, namba ya pekee ambayo patisheni hupewa siku inapofomatiwa. Ione kwa amri ya lsblk -f. Ya ext4 ni ndefu, yenye vistari vinne katikati. Ya NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, ni herufi na tarakimu 16 mfululizo. Ya FAT ni fupi, nane tu zenye kistari kimoja. Inakili kwa kipanya, usiiandike kwa mkono. Halafu tengeneza folda ya kupachikia, kwa mfano sudo mkdir /mnt/kazi, na ufungue faili kwa sudo nano /etc/fstab. Mwishoni ongeza mstari mmoja, ukiweka UUID yako mahali pa hii ya mfano:

UUID=5E2C8A1F2C89F3B7 /mnt/kazi ntfs-3g uid=1000,gid=1000,umask=022,nofail 0 0

Kuna sehemu sita zilizotenganishwa kwa nafasi: patisheni ipi, ipachikwe wapi, ni ya aina gani, kwa masharti gani, na tarakimu mbili za mwisho zinazohusu nakala za akiba na ukaguzi wa diski, ambazo kwa NTFS ziache sifuri. Masharti yanaandikwa kwa mkato bila nafasi. Ukiweka nafasi moja tu baada ya mkato, mstari wote unavurugika.

NTFS na FAT hazihifadhi wenye faili kwa namna ya Linux, kwa hiyo ni lazima useme mwenyewe mali hii ni ya nani. uid=1000 ni namba ya mtumiaji; kwenye mashine nyingi mtu wa kwanza kuandikishwa ndiye 1000, lakini hakikisha yako kwa amri ya id -u. umask=022 inapunguza ruhusa: wewe unaandika na kusoma, wengine wanasoma tu. Ukitaka wengine wasione kabisa, weka 077. Tafadhali usifuate ushauri wa kuweka umask=000 ili mambo yaishe haraka; hapo kila mtumiaji wa mashine anaweza kufuta kazi zako.

Mstari huo unaipachika patisheni wakati mashine inawaka, na anayeipachika ni root. Wewe unaikuta iko wazi na ni mali yako. Wengi huulizwa na nafsi zao: mbona tusiweke sharti la user ili niipachike mwenyewe ninapotaka? Kwa NTFS kupitia ntfs-3g utagonga ukuta. Programu hiyo, kama inavyosakinishwa kwenye mifumo mingi, hukataa kumfungulia patisheni mtu asiye root hata kama fstab imeruhusu. Nilipoteza mchana mzima kulijua hilo. Tangu kiini cha Linux toleo la 5.15, lililotoka 2021, kuna njia nyingine ya NTFS iitwayo ntfs3 isiyo na kikwazo hicho, lakini kama unachotaka ni kuziona kazi zako kila asubuhi, mstari wa hapo juu unatosha.

Sharti la user linafanya kazi vizuri kwenye ext4. Tuseme una diski ya nje ya kuhifadhia nakala, hutaki ipachikwe yenyewe, unataka kuiita unapoihitaji. Tengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/akiba, kisha uandike:

UUID=namba-ndefu-ya-diski-yako /mnt/akiba ext4 noauto,user 0 0

noauto maana yake usiipachike wakati wa kuwaka. user maana yake mtumiaji yeyote wa kawaida anaweza kuipachika, na aliyeipachika ndiye atakayeipachua. Ukiandika users, kwa s mwishoni, basi mmoja anapachika na mwingine anaweza kupachua. Kwa maabara ya shule hiyo inafaa zaidi. Tangu hapo, bila sudo, utaandika tu:

mount /mnt/akiba
umount /mnt/akiba

Taja folda peke yake. Ukitaja diski na folda kwa pamoja kama ulivyozoea, utakataliwa, kwa sababu mfumo unaona unajichagulia mahali badala ya kufuata alichoandika mkuu.

Sharti la user linakuja na wenzake watatu hata usipowaandika: nosuid na nodev tuliowaona, na noexec, inayozuia programu kuendeshwa kutoka kwenye patisheni hiyo. Kama unahifadhi humo skripti zako na unataka ziendeshwe, andika user,exec, kwa mpangilio huohuo. Ukitanguliza exec, user inayofuata itaifuta.

Mara ya kwanza utakapoipachika diski mpya ya ext4 utakuta huwezi kuandika kitu ndani yake. Usiweke uid=1000 hapa; ext4 hailijui sharti hilo na itagoma kupachikwa. Yenyewe inakumbuka mwenye faili ndani ya diski, na diski mpya huwa ni mali ya root. Ipachike kwanza, kisha uibadilishie mwenyewe, mara moja tu:

sudo chown juma:juma /mnt/akiba

Neno kwanza lina uzito. Ukiandika amri hiyo kabla ya kupachika, umebadilisha mwenye folda tupu, na diski imebaki kama ilivyokuwa. Na ujue kwamba kinachoandikwa ndani ya diski ni namba, 1000, wala jina juma halimo. Ukiipeleka kwenye kompyuta ya rafiki yako, ambako 1000 ni Neema, mafaili yote yataonekana ni ya Neema. Hapo ndipo wengi hudhani wameingiliwa.

Ukishahifadhi faili la fstab, usizime mashine kwanza. Likague:

findmnt --verify

Ikitaja kosa, lirekebishe sasa. Kisha andika sudo systemctl daemon-reload ili mfumo usome upya, na sudo mount -a ili upachike yote yasiyo na noauto. Yakipita bila malalamiko, uko salama.

Nasema hivi kwa machungu. Niliwahi kuiandika diski ya nje kwenye fstab kwa sharti la defaults tu, nikaridhika, jioni nikaichomoa nikaenda nayo nyumbani. Asubuhi mashine ya dukani ikawa inahesabu: sekunde moja, kumi, themanini, tisini. Ndiyo muda ambao Linux nyingi huisubiri diski iliyoahidiwa. Ilipoikosa, ikaingia hali ya dharura, kioo cheusi chenye maandishi meupe, na wateja mlangoni. Kwenye Ubuntu akaunti ya root huwa imefungwa tangu kusakinishwa, kwa hiyo hata hiyo hali ya dharura haikunifungulia. Ilibidi niwashe kompyuta kwa flashi ya kusakinishia Ubuntu, nichague kuijaribu bila kusakinisha, nipachike patisheni ya mfumo, na kuufuta ule mstari wangu kwenye fstab yake. Sharti la nofail lingenitosha: linauambia mfumo kwamba kama diski haipo, endelea. Kila patisheni isiyo ya mfumo wenyewe iandikie nofail, au noauto.

Kama unasimamia mashine yenye patisheni nyingi na watumiaji wengi, na hutaki kuandika mstari kwa kila moja, unaweza kumwelekeza mlinzi mwenyewe, yaani polkit. Unda kundi kwa sudo groupadd wapachikaji, mwingize mtu kwa sudo usermod -aG wapachikaji juma, kisha unda faili /etc/polkit-1/rules.d/50-wapachikaji.rules lenye maneno haya:

polkit.addRule(function(action, subject) {
  if (action.id == "org.freedesktop.udisks2.filesystem-mount-system" &&
      subject.isInGroup("wapachikaji")) {
    return polkit.Result.YES;
  }
});

Juma akitoka na kuingia upya, amri ya udisksctl itamfungulia na patisheni za ndani bila kumwomba nywila. Namna hii ya kuandika inakubalika Fedora, Debian 12 na Ubuntu 24.04. Ubuntu 22.04 ina polkit ya zamani isiyoyaelewa maandishi haya. Huko baki na fstab.

Utakutana pia na ushauri wa mkato: mwingize mtumiaji kwenye kundi la disk, kundi ambalo mfumo unalo tayari. Usifanye. Aliye kwenye kundi hilo anaweza kuisoma na kuiandika diski yote moja kwa moja, chini ya ruhusa za mafaili, pamoja na sehemu zenye nywila. Umempa uroot kwa jina jingine. Kuiruhusu amri ya mount kwa sudo bila nywila ni vilevile, ukikumbuka mfano wangu wa kupachika juu ya /etc.

Yamebaki matatizo mawili ya kila siku. La kwanza ni patisheni ya Windows inayopachikwa kwa kusoma tu, au kukataa kabisa. Tangu Windows 8, ukibonyeza kuzima, Windows mara nyingi haizimi kikamilifu. Inalala nusu, ikiwa imeacha kumbukumbu zake kwenye diski ili kesho iwake haraka. Linux ikiona alama hiyo inaogopa kuandika, na ina haki. Usilazimishe. Rudi Windows, shikilia kitufe cha Shift huku ukibofya Shut down, au chagua Restart kisha uingie Linux moja kwa moja. Ukichoka kufanya hivyo, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows zima kipengele cha Fast Startup.

La pili ni kupachua kunakokataa, mashine ikisema kifaa kina shughuli. Kuna programu imeshikilia faili humo. Iulize ni ipi:

fuser -vm /media/juma/HAWA

Itakuorodheshea majina: huenda ni programu ya kuchapishia iliyoacha barua wazi, au kichezeshi cha muziki. Ifunge, jaribu tena. Mara nyingi kuliko nitakavyokiri, jina linalotokea kwenye orodha ni bash, yaani terminali yangu mwenyewe: niliingia kwenye folda ya flashi kwa cd nikasahau kutoka. Andika cd peke yake, bonyeza Enter, upachue, na umrudishie Hawa flashi yake.